Bahasha Chini ya Mguu wa Meza

Nilianza na mafungu matatu:
ndiyo, labda, hapana.
Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Nkrumah, lifti mbovu,
chini yetu duka la spea za pikipiki,
na kila aliyepanda na bahasha ya kaki
nilimsikia kabla sijamwona,
akisimama ngazi ya mwisho
kuazima pumzi ya kusemea "habari za kazi".

Mimi pia nilipanda hivyo.
Miaka miwili nilitembeza vyeti
toka Chang'ombe viwandani hadi Ubungo,
vikaota ramani ya jasho pembeni,
mpaka Bi. Eliaichi aliponiuliza swali moja tu:
"Unaweza kumwambia mtu hapana
bila kumvunja?"
Nikajibu naweza.
Nilidanganya,
na kwa uongo huo nikapata kazi
ya kuwatafutia watu kazi.

Fungu la hapana halihitaji mbolea.
Ijumaa hulipungii mkono,
Jumatatu limekufika kifuani.
Humo ndimo nilimtupa mmoja,
mwandiko wake umelalia kulia kama mtu anayevuta mkokoteni:
*Jina, Nkwabi Lushinge. Elimu, darasa la saba.
Uzoefu, majokofu, Buguruni, miaka kumi na moja.
Vyeti sina, ila njooni muone.*

Kiwanda cha maziwa kilitaka mafundi wanne wa mitambo ya baridi.
Tangazo lilisema cheti.
*Njooni muone.* Nikacheka, si sana.
Siku hiyo meza yangu ilikuwa inayumba;
nikaikunja bahasha mara nne
nikaipachika chini ya mguu.

Januari kiyoyozi kikagoma.
Mnaijua Januari ya Dar: karatasi hukugandia mkononi,
hasira nazo.
Mlinzi akasema, kuna fundi namfahamu.
Akaja mtu na mfuko wa rambo,
bisibisi tatu, koleo, basi.
Hakufungua kitu.
Aliweka sikio kwenye bati, kama mkunga,
akatuambia, "Nyamazeni kidogo,"
na hata Bi. Eliaichi, ambaye hanyamazi benki,
alinyamaza.
"Feni haina kosa. Kapasita."

Dakika ishirini, ubaridi ukarudi.
Skrubu moja ikabingirika uvunguni mwa meza,
akainama kuifuata,
akakaa huko kuliko skrubu inavyostahili.
Alipoinuka alijipangusa magoti.
"Dada," akasema, "meza imetulia sasa?"
Akapokea elfu kumi na tano yake,
akashuka ngazi bila kuhema.

Niliichomoa ile bahasha.
Meza ikarudi kuyumba, nikaiacha iyumbe.

Leo nina ofisi Mikocheni, lifti inapanda,
kadi yangu ina cheo kirefu kuliko jina.
Wakiniuliza nimejenga vipi, huwa nataja semina.
Sitaji miaka minne niliyobishana na wakurugenzi
juu ya mstari mmoja wa fomu:
*au aoneshe kazi ya mkono wake.*
Mstari mmoja! Nimezaa watoto wawili kwa muda mfupi zaidi.
Sasa chumba changu cha usaili kina pampu iliyokufa mezani,
na mtu akiingia, cheti kwanza nakifunika.
Wapo wanaoitazama pampu wakaanza kuniambia ndoto zao.
Wapo wanaokunja mikono ya shati.

Nkwabi sikumwajiri.
Kiwanda kilipokubali, yeye alishakuwa na karakana,
vijana sita, na kibao alichokiandika mwenyewe,
herufi zimelalia kulia.
Mimi ndiye ninayempelekea wanagenzi.
Wiki jana alinirudishia mmoja, kijana nadhifu,
nilimpa alama tisini.
Akanipigia simu, nyuma yake kompresa inakohoa:
"Huyu anajibu maswali vizuri mno.
Niletee mwingine, anayejua kunyamaza."

Saa kumi na moja jioni, wenzangu wamekwenda.
Nimelivuta fungu la hapana
nikaligeuza,
naanza kulisoma kutoka chini.