Rangi ya Askari

Kila Novemba manispaa hunipa ngazi,
debe la rangi ya fedha na brashi mbili:
pana ya koti, nyembamba ya uso.

Naanza na buti. Vumbi la keepi lefti
limeganda kwenye kamba zilizofungwa
na fundi ambaye, naona, hakuwahi kuvaa buti.

Mama Aikaeli, muuza maparachichi,
huvuka barabara kuniuliza,
"Leo umefika wapi?"
"Mabegani."
Hurudi kwenye beseni lake.

Mumewe alipanda lori mwaka sabini na nane
kwenda Kagera, redio ndogo kwapani.
Ilirudi redio.

Jina lake halimo hapa.
Hapa hamna jina la mtu,
ni bunduki tu, na mavi ya njiwa,
na huyu wa saruji anayeutazama mlima
hata siku ambazo Moshi yote haiuoni.

Jioni nafika usoni. Mama kasimama chini,
pindo la kanga mdomoni.
"Masikio," anasema.
"Yake yalikuwa makubwa kidogo."

Nachungulia kushoto, kulia.
Nachovya brashi nyembamba.
Mwaka wa tisa huu,
naongeza.