Kurasa za Nyuma

Daftari langu la mkopo lina gamba jekundu,
pembeni limelowa mafuta ya taa.
Kurasa za mbele nimewaandika ninaowadai:
Mama Chausiku, sukari robo tatu;
fundi Semboja, sigara mbili na kiberiti;
mwalimu wa Makorora, mchele, mchele, mchele;
na mstari mzito chini ya jina la dada yangu Mwantumu,
aliyechukua laki nne za mtaji.
Waja leo, waondoka leo:
msemo wa mji wetu ukamkaa kama kipimo cha fundi.

Kila usiku, nikishafunga duka Barabara ya Kumi na Mbili,
nililisoma kama mtu asomavyo uradi.
Nikijumlisha. Saa nane. Saa tisa.
Adhana ikinikuta kwenye ukurasa wa Mwantumu.

Bombo walinipima presha.
Daktari kijana, kola imepauka, akaniuliza:
"Ukilala unawaza nini?"
"Hesabu."
"Basi andika na upande wa pili."
Hakufafanua. Foleni ilikuwa ndefu.

Upande wa pili! Nilimcheka njia nzima.
Lakini usiku ule umeme ulikatika,
nikalipindua daftari, nikaanzia nyuma,
kalamu inachechemea:

*Nadaiwa. Hizza, mnyororo wa baiskeli.*

Nikasita hapo.
Miaka kumi na tatu, kila alfajiri kabla sijaamka,
mume wangu huutia mafuta ule mnyororo,
hulijaza upepo gurudumu la nyuma lenye pancha isiyopona,
nami hupanda, huyo, soko la Mgandini,
kana kwamba baiskeli hujiamkia ikajipangusa yenyewe.
Shukrani ya punda ni mateke.
Nikaitazama miguu yangu kwa mwanga wa kibatari.

Asubuhi nikamwambia, "Ahsante kwa mnyororo."
Tambara likabaki hewani.
"Unaumwa?"
"Siumwi."
"Unataka kuniomba kitu?"
"Sitaki."
Akarudi kupangusa, polepole,
palepale palipokwisha kutakata,
na masikio yake, ambayo sikuwa nimeyaona siku nyingi,
yakapanda juu kwa tabasamu alilonipa kisogo.

Usiku wa pili: mtoto wa jirani, chenji iliyozidi, kairudisha.
Wa tatu: maji yametoka.
Wa nne sikuandika kitu. Nilikuwa na hasira,
na hasira ilikuwa na haki yake.
Wa tano: mwalimu wa Makorora. Ndiyo, yule wa mchele.
Ndiye aliyekaa na mama siku ya dripu,
akamsomea gazeti la juzi
mpaka tangazo la mnada wa matrekta ya mkonge,
na mama akacheka.
Kicheko kimoja cha mama ni kilo ngapi?
Deni lake sikulifuta. Duka ni duka.
Ila alipopita, sauti yangu ilitoka haina mchanga.

Mwantumu hajalipa, nisikudanganye.
Laki nne ni laki nne.
Lakini kuna ukurasa, niliuandika kwa herufi ndogo
nisije nikasamehe kabla sijawa tayari:
*mwaka wa surua, kutoka Pongwe hadi zahanati,
alinibeba mgongoni, viatu vyake kanivika mimi.*
Mimi niliyebebwa ndiye niliyevaa viatu.
Yeye alitembea peku.

Nikapiga simu. Iliita mpaka nikataka kukata.
"Najua," akasema, hata salamu hakuna. "Najua unachodai."
"Hicho nitadai kesho.
Leo nimepigia vile viatu."
Kimya. Kisha pua ikavutwa, kisha:
"Vilikuwa vinanibana hata hivyo."

Usiku ule nililala saa nne.
Panya waliguguna mche mzima wa sabuni.
Sikusikia.