Na Lake Lipo

Hilppa Tiainen ana shamba la viazi huko Puumala,
eka mbili za udongo mwembamba kama shuka la kuazima.
Kila mwaka theluji ikiyeyuka
shamba huzaa mawe kabla ya kupandwa chochote.
Huyaokota, huyapakia kwenye toroli,
huyamwaga kwenye ukuta alioanza babu wa babu yake.
Mwaka ujao yamerudi.
"Narudishiwa mkopo," husema,
"ambao sikumkopesha mtu."

Alinipeleka ufukweni, kwenye mwamba mtupu,
akanivua glavu, akanipitisha kiganja juu ya jiwe:
mikwaruzo, michirizi, yote ikielekea kusini-mashariki,
kama samaki aliyeparwa magamba kwa kisu butu.
"Soma," akasema.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe, husema kwetu.
Huyu alikuja na jembe lake.
Barafu ya unene wa kilomita mbili na ushei,
mawe yamekwama tumboni mwake kama meno.
Shubiri leo, shubiri kesho,
akila palipo laini, akiguguna palipo pagumu,
na mwamba ulipokuwa na ufa wa kale
alitia ulimi, akafukua,
akachimba bonde, akachimba shimo ndani ya bonde.
Nchi ikabonyea chini yake
kama godoro chini ya mgonjwa wa miaka.

Kisha jua likageuza nia.
Alirudi nyuma, akasita,
karne nzima nzima akasimama palepale
akitema changarawe miguuni
mpaka likawa tuta refu kuliko macho.
Halafu akahama kama mpangaji mwenye madeni:
hakuaga, hakufagia,
jiwe kubwa kama nyumba akaliacha kilimani
likiwa limekaa upande.
Maji yakaingia kila alipokwangua.
Ndiyo hili Saimaa, ziwa lenye visiwa vingi
hata ramani yake inaonekana kama kitu kilichodondoka kikavunjika.

Nchi nayo ikaanza kuinuka.
Bado inainuka, milimita chache kwa mwaka,
mgongo uliobanwa unajinyoosha.
Sili waliokuwa wakija na kurudi baharini
siku moja waligeuka, mlango umefungwa.
Wakabaki, weusi wenye pete za kijivu,
wakajifunza maji yasiyo na chumvi.

Mama sili huzalia ndani ya rundo la theluji
ambalo upepo huliegemeza kwenye kisiwa.
Mwaka ule upepo haukuwa na cha kuegemeza.
Januari ilinyesha mvua.

Basi tukabeba makoleo:
Hilppa na miaka yake sabini na minne,
Otso, kijana wa jirani, na glavu za dada yake,
na mimi nisiyejua kusimama juu ya ziwa.
Tukakwangua theluji haba,
tukairundika, tukaishindilia kwa migongo ya makoleo,
tukapata kilima cha kitoto, mita nane kwa tatu.
Jasho lilinigandia kwenye nyusi.
Kazi ya yule mgeni mkubwa
sasa tunaifanya kwa vijiko.

Otso akauliza kama litadumu.
Hilppa alikohoa kwanza, akatema.
"Mpaka Aprili," akasema, "kama lina aibu."

Asiyekuwepo na lake halipo:
hivyo nililelewa kuamini.
Usiku ule nilisikia ziwa likipasuka gizani,
mlio mrefu, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha pili,
nikakaa kitandani nikihesabu.
Mwenyewe hayupo.
Na lake lipo, lina kina, lina majina,
lina wapangaji wanaongoja theluji.

Aprili Otso alinitumia picha.
Rundo limebonyea katikati.
Pembeni mwake, tundu la ukubwa wa sufuria,
kingo zimelainishwa na pumzi.