Visiki

Baba alikata mipaina kabla haijakomaa,
ya miaka tisa, bei ya kutupa,
akapanda basi kutoka Rungwe hadi Mafinga
na ada ndani ya soksi.
Hakusema kitu. Aliagiza chai, akaiacha ipoe.

Sasa ni saa kumi alfajiri, bwenini.
Ukungu umeziba madirisha.
Atuganile, tochi mdomoni, yumo ndani ya blanketi na kemia.
Swali la nne: kokotoa.
Anakokotoa: visiki mia mbili na kumi na sita.

Matroni alishampa panadoli.
Mwalimu wa zamu alishasema ni uvivu.

Barua ya nyumbani ni fupi:
"Tumepanda mingine. Usiwaze, mama."

Miche imefika magotini, kaka yake kaongeza pembeni.
Yeye bado yuko swali la nne.