Mikorosho Arobaini na Moja

Bibi hakuwa na neno familia.
Alikuwa na neno tumbo.
"Tumbo letu," alisema, na mkono wake ukashuka
kwenye mkunjo wa kanga, pale alipotokea mama,
na mama mkubwa Esha,
na mjomba aliyevuka Ruvuma asirudi.
Baba tulimpenda. Alikuwa mgeni wetu
miaka thelathini na minne,
na siku aliyokufa wakaja watu wa tumbo lake
wakakunja mkeka, wakaondoka naye.

Sasa kaka yangu Dadi amelala Mnyambe,
udongo bado mwekundu juu yake,
na mikorosho yake inachanua
bila kuuliza mwenyewe nani.
Kwa hesabu ya bibi ni ya mwanangu Hamza:
mali ya mjomba hushuka kwa mpwa
kama mvua ishukavyo bondeni.
Kushuka, sawa.
Sisi wa Newala tunajua nani huyapandisha maji.

Nikampigia. Yuko Mtwara mjini, Chikongola,
ana bodaboda, mke, mtoto, chumba na sebule.
"Mama," akasema, "familia yangu ni watatu.
Wa nne anakuja Desemba.
Hiyo mikorosho mpe Somoe, si ya baba yake?"
Nikakata simu.
Baadaye nikasingizia mtandao.

Watatu!
Mimi sijamaliza kuwahesabu hata wa Tandahimba.

Wazee wa ukoo wakakaa siku mbili barazani,
wakala mchele wangu wote,
wakaahirisha.

Somoe si wa tumbo letu.
Ni wa tumbo la mama yake, watu wa Kitangari,
na bibi angemkaribisha kwa kigoda, kama mgeni.
Lakini alfajiri moja ya Julai nikasikia bomba la salfa linanguruma,
nikatoka na kanga moja,
nikamkuta ndani ya wingu la njano, kitambaa puani,
anapuliza mti, anahamia mti,
hajui kama ni wake, hajui kama ni wangu.
Aliporudi kope zake zilikuwa na unga.
Nikamtilia ming'oko kwenye sahani ya Dadi,
ile niliyoificha juu ya kabati
ili mtu asiile tena.

Hamza akaja na mwanawe, siku mbili tu.
Mtoto akamwita Somoe "anti",
kama anavyomwita muuza vocha,
kama anavyomwita mwalimu wa chekechea.
Nikataka kumnyoosha: huyu, mjukuu wangu,
ni binti wa mjomba wa baba yako,
zamani baba yako angeweza hata kumuoa,
kwa hiyo wewe kwake ni...
Nilipofika hapo alikuwa ameshampanda mgongoni
wanakwenda kuchuma mabibo.

Oktoba tukaokota. Magunia saba.
Ghalani foleni ilikuwa mpaka barabarani,
jua la kupasua kisogo.
"Jina la mwenye mzigo?" karani akauliza.
Nikataja la Somoe.
Somoe akataja langu.
Majina yakagongana mdomoni mwa dirisha,
hakusikia hata moja.
"Mama, mfumo unataka jina moja."
Tukatazamana.
Akaiweka kalamu chini, akanywa maji,
na nyuma yetu foleni ikaguna.