Mizinga Sita Mezani

Nimeipanga kwenye meza ndefu, midomo juu,
mizinga sita isiyo na ngozi, isiyo na skrubu hata moja.
Hii si ya nyuki, nilimwambia mjukuu wangu jana,
wala si ya vita.
Ni ya hewa. Hewa imekaa humo inangoja kupigwa.

Wasemao debe tupu haliachi kuvuma
hawajawahi kuuza ngoma:
mimi utupu ndio biashara yangu,
mbao ni kifungashio tu.

Inkeri Hyttinen amefika saa tatu, theluji mabegani.
Miaka thelathini na mmoja amewapigia watu tango
kwenye kumbi za mbao kando ya maziwa;
sikio la kushoto lilibaki huko,
katika ukumbi mmojawapo, hakumbuki upi.
Hasalimii. Anavua glavu,
anakunja kidole, anabisha hodi.

Mwaloni kwanza. Ko.
Mbishi huyo, anajibu kabla hujamaliza swali.
Mkangazi: sauti ya mtu aliyekula akashiba
akaegemea ukuta.
Mjozi una sura nzuri, Inkeri anaupita
kama anavyolipita duka la vito.
Msonobari ni wa mazoezi, wote wawili tunajua.
Mbetula wa kiwandani, tabaka saba,
milimita sita na nusu: hapo anarudi mara mbili,
anatia kichwa ndani, anataja jina lake mwenyewe,
anasikiliza linavyorudi.

Najua anachoahirisha.

Wa sita aliuleta yeye, kwa trela, vuli ya mwaka juzi:
mbetula wa uani kwa baba yake, kule Ilomantsi,
ulioangushwa na mafundi wa umeme kwa ajili ya nyaya.
Niliuchana vipande ishirini, nikavikausha karibu na jiko
miezi kumi na sita, nikaviunga ubavu kwa ubavu,
nikauzungusha kwenye mashine mpaka kipimo
hakikuona kosa.
Fundo moja jeusi nililiacha makusudi,
pale, aliniambia, palipofungwa bembea.

Anabisha.
Pu.
Anabisha tena, karibu na fundo.
Pu.
Kama kugonga mkate.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu Jumanne:
kwamba una unyevu bado, kwamba ngozi ikivutwa
huenda, kwamba mti uliokulia kwenye maji mengi...
Mzee mzima natafuta uongo
wa kuvalisha kipande cha mti.

"Taisto," amesema, "acha.
Baba naye hakuwa na sauti."
Akacheka peke yake, kidogo,
upande wa sikio linalosikia.

Basi tumeandika: besi, inchi ishirini na mbili,
mbetula wa kiwandani;
tomu mbili, hivyo hivyo;
ile ndogo yenye nyuzi chini, mkangazi,
kwa sababu katika seti lazima mmoja awe ameshiba.
Rangi hataki. Mafuta tu.
Amelipa nusu, noti zimekunjwa mara nne.
Ule wa sita ameubeba kwapani mpaka kwenye gari,
na gari halikuondoka upesi.

Jumamosi akanialika sauna.
Shoka lilikuwa mlangoni. Sikuuliza.
Tuliketi benchi la juu, jasho likitiririka, hatusemi,
na chini, ndani ya jiko la mawe,
gundi yangu ikinuka kidogo, aibu yangu,
mbetula wa Ilomantsi ukaanza:
pa. Pa-pa.
Pa.

Inkeri akageuza kichwa, sikio la kulia mbele,
na kidole chake kikaufuata gotini,
kikichelewa nukta moja nyuma ya moto
kama alivyochelewa siku zote kwenye tango,
makusudi, ili wanaocheza wapate kupumua.