Muhtasari wa Kikao cha Mizinga

Mimi ndiye karani. Kazi yangu ni kuandika
kilichosemwa, si kilichosikika.
Lakini siku ile, katika godauni la tumbaku la Itundukila,
harufu ya msimu uliopita ingali imeganda ukutani,
mawili hayo yaligoma kutengana.

Afisa alikuja na ramani ndani ya bomba la plastiki.
Akasema: Serikali inatafuta mahali pa kuweka mizinga.
Makofi yakapigwa. Nyuma kabisa mtu akauliza,
ya magome, au ile ya mbao, ya mradi?

Afisa akakohoa. Akabadili neno: zana.
Majembe? akauliza Kasubi.
Akabadili tena: vifaa. Na kila alipobadili neno
kitu chenyewe kilizidi uzito,
mpaka Nyanzobe, aliyewahi kufanya kazi za ndani mjini,
akainuka na kukitaja: Ni mabomu hayo.
Nilikuwa nafua siku ghala lao lilipopasuka.
Nilikimbia na shati la mtu mkononi
hadi giza likaingia, na mpaka leo sijui
kwa nini sikulitupa.

Nimeandika: Mjumbe alitoa uzoefu.

Mihayo wa bodaboda alitaka lami.
Jeshi haliendi mahali bila lami, alisema,
na mke wangu alijifungulia njiani, mchangani,
tochi ya simu ikiwa na asilimia nne.
Vijana wakadai ajira ya getini.
Mwalimu Lugusha akasema nchi ni kama mtu,
upanga wake lazima ulale upande mmoja wa kitanda.
Upande wa nani? akauliza mkewe, mbele ya watu,
na kicheko kikala dakika ambazo sikuzihesabu.

Ntabo, mpanga madaraja ya tumbaku, hakucheka.
Adui leo hajui kama tupo, alisema.
Hata sensa ilitukosea hesabu.
Tukiliweka ghala hapa, tumemwandikia anwani.

Hakuna aliyesema asilindwe. Hilo nalo niandike?
Kila mkono uliopinga uliutaka ulinzi,
ila ukalale kwa jirani.
Na jirani, waliokaa Jumanne,
wametupendekeza sisi. Kwa kauli moja.

Afisa akaitandaza ramani juu ya mizani.
Kidole chake kikatua kwenye kijani kisicho na nukta.
Hapa hapana mtu, akasema. Pori tupu.

Kalunde Msabila akasogea, akainama, akatafuta
kama anayetafuta chawa.
Hapo pana mizinga yangu mia mbili na kumi na miwili.
Mlinipa barua, mwaka ule nyuki walipomuua mbuzi wa mtendaji,
mkasema niipeleke mbali na watu.
Nikaipeleka kwa baiskeli, usiku, mmoja mmoja,
msimu mzima, mdomo nimeuziba kwa khanga.
Mwenye kitu kinachouma hutafuta mbali.
Haya, nimekaa huko mbali. Kila mbali ni kwa mtu.

Afisa akasema hoja imepokelewa.
Nje mvua ilianza, bati likanena peke yake,
na kwa muda hakuna aliyeweza kusema uongo
kwa sauti ya kutosha.

Fomu ililetwa ikiwa imechapwa tayari:
Wananchi wameridhia.
Palikuwa na nafasi ya tarehe, nafasi ya muhuri,
nafasi ya mahudhurio, wanaume kwa wanawake.
Ya Kalunde haikuwepo. Nikaandika pembeni, kwa wima,
herufi ndogo, kama mtu anayepitisha gunia
kwenye kizuizi cha ushuru.

Jioni alikuja kwangu, matope hadi magotini.
Umeandika?
Nimeandika.
Soma.
Nikamsomea nakala: Mizinga 212 tayari ipo eneo husika.
Akafikiri. Akasema, ongeza neno nyuki,
wasije wakadhani tumewatangulia.

Kalamu nilikuwa nayo.
Sikuongeza.